Hindi la Safu Kumi na Nne

Jumatatu ya pili ya Februari, saa tatu kasorobo asubuhi, Mwalimu Hesbon aliwasha kompyuta tano moja baada ya nyingine, akangoja zote ziamke, kisha akawaambia wanafunzi wake wanne wachore duara. Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza mjini Kitale, juu ya duka la pembejeo la Madam Nabwile, na ngazi zake zilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kozi ilikuwa ya wiki sita, uchoraji wa kompyuta kwa wanaoanza. Mwisho wake kulikuwa na cheti, na kwa yule atakayewashinda wenzake, kazi katika chumba cha uchapishaji nyuma ya jengo.

Rispah Nelima alikaa kwenye kompyuta ya dirishani. Alitoka nje kidogo ya Chwele, upande wa Bungoma, na hapa Kitale alikuwa amejibanza kwa binamu yake katika mtaa wa Matisi. Mama yake alikuwa ameuza mtamba ili yeye aje kukaa mbele ya kompyuta hiyo, na mtamba mwenyewe alikuwa na mimba. Kila jioni mama alipiga simu kuuliza mtamba wake amefika wapi. Kwa hiyo Rispah alichora duara lake kwa uangalifu wa mtu anayempimia mtoto dawa.

"Sikilizeni," Hesbon alisema. "Picha ya simu ni punje punje. Ukiivuta ikuwe kubwa, punje zinaachana, unaona mapengo. Hii yetu si punje, ni hesabu. Mashini inakumbuka nodi ziko wapi na mstari umepinda aje. Chora kitu kidogo kama kucha, kivute kikuwe kama uwanja wa Kanduyi, na hakipotezi kitu. Chenye kiko ndani kinabaki ndani, size yoyote."

Wakaandika. Wiki hiyo walijifunza kalamu, ambayo si kalamu bali ni kimshale kinachodondosha nodi, vitone vya kuushika mstari. Walijifunza kwamba kila nodi ina mikono miwili, na ukivuta mkono mmoja mstari unapinda. Walijifunza pia kwamba mchoro haushiki rangi mpaka ufungwe, yaani nodi ya mwisho irudi ikae juu ya ile ya kwanza. Ukiacha mwanya, hata mwembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho, unabaki na mstari mtupu na weupe ndani yake. Hesbon aliwapenda watu wanaofunga michoro yao. Waliosahau aliwaita wavivu.

Wiki ya pili aliwaambia wachore hindi. Hindi la Tabby, msichana wa familia ya wakulima wa hukohuko Trans-Nzoia, lilitoka kama kiazi kitamu, na Tabby mwenyewe alicheka mpaka akashika meza. La Rispah lilikuwa hindi. Maganda yalikuwa yamekunjuka nusu, nywele zimelala upande mmoja, punje zimepangana kama meno ya mtu mwenye bahati. Hesbon aliinama akahesabu safu kwa kidole.

"Kumi na nne. Mbona si kumi na tatu?"

"Mwalimu, mahindi hayakuwangi na safu kumi na tatu. Ni kumi na mbili, ama kumi na nne, ama kumi na sita. Lazima igawanyike kwa mbili. Hesabu yoyote yenye utakula leo."

Hesbon alikuwa amekula mahindi miaka arobaini bila kuyahesabu. Alishuka chini, akamwita Madam Nabwile.

Madam Nabwile alikuwa na duka, jengo, mashine za kuchapa na uenyekiti wa akina mama kanisani. Alikuwa na desturi ya kufungua kila kipindi kwa sala, akimwomba Bwana awafungulie hawa watoto milango. Aliomba vizuri sana, kwa sauti laini isiyo na haraka, na ukija kujua yaliyokuwa yakifanyika uani kwake, sala hiyo ndiyo iliyotia kinyaa kuliko yote. Aliweka mkono begani kwa Rispah. Mkono ulikuwa na unyevu.

"Hii mkono si ya mtu wa kawaida," alisema. "Hii ni ya Mungu."

Wiki ya tatu Hesbon aliweka pakiti moja mezani. Ilikuwa pakiti ya Pembe Mbili, mbegu ambazo wakulima wa Kitale hadi Bungoma walizijua kwa pembe za paa na hindi la manjano mbele. Waliozitengeneza walikuwa mbali. Mtihani wa mwisho, Hesbon alisema, ni kuichora upya pakiti hiyo nzima. Tabby angechora herufi. Wale wengine wawili wangechora pembe na muhuri wa ukaguzi na tarakimu zake zote ndogondogo. Rispah angeweka hindi lake.

"Mtu akiweka yao na yetu kwa meza na ashindwe kujua ni gani, mmepita."

"Mwalimu," Rispah aliuliza, "hii ni ya mazoezi tu?"

"Kila kitu ni mazoezi," Hesbon alijibu, akifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Mchana ule Rispah alishuka uani kwenda msalani. Karibu na mlango wa msala wanawake wawili wenye viatu vya mvua walikuwa wakikoroga mahindi kwenye beseni la kuogea. Yalikuwa mahindi ya posho, ya mwaka juzi au zaidi, yenye matundu, yenye unga wa kijivu na vinyesi vya panya. Walikuwa wakiyamwagia rangi ya waridi, ile ile inayopakwa mbegu zilizotiwa dawa, na mikono yao ilikuwa ya waridi mpaka kwenye viwiko. Punje nyingine zilipasukia mikononi mwao na kuacha uji. Mmoja alimwambia, "Sasa?" Rispah akajibu, "Poa," akaingia msalani, akakaa humo muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Ijumaa ya wiki ya tano aliliburuta hindi lake akaliweka juu ya pakiti, mahali pake, chini ya pembe. Likaanza kuoza.

Lilianzia kwenye ncha. Weusi ulishuka safu kwa safu, punje zikalegea, ukungu wa kijani ukaota katikati yao, na maji ya rangi ya chai ya rangi yakatiririka chini ya kioo cha kompyuta hadi kwenye vitufe. Kutoka kati ya G na H walitoka fukusi, wale wadudu wa ghalani, kwanza mmoja, kisha wengi, wakaelekea kwenye mkate ambao Tabby alikuwa ameuacha mezani. Harufu ilikuja mwisho. Ilikuwa harufu ya gunia lililonyeshewa ghalani likasahauliwa, yenye utamu kwa chini, na huo utamu ndio ulioshika kooni.

"Maze," Tabby alisema akiuondoa mkate wake, "hii inanuka ni kama panya imekufia kwa siling."

Hesbon alileta fulana kuukuu akaitandika chini ya kioo kunyonya yale maji. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu, alifanya jaribio. Aliliburuta hindi akalitoa kwenye pakiti na kuliweka kwenye ukurasa mtupu. Lilirudi kuwa la manjano, likawa halinuki kitu. Akalirudisha kwenye pakiti, likaoza. Alifanya hivyo mara tatu, akaandika kwenye daftari lake kwamba hindi linaoza likiwa juu ya pakiti tu, na kwamba programu zingine ziko hivyo.

"Linaonyesha chenye kitakuwa ndani ya pakiti," Rispah alisema.

"Nimeona," Hesbon alisema. "Hifadhi kazi yako kabla stima ipotee."

Pakiti zilichapwa na kujazwa wiki hiyo hiyo, na nyingine zikapelekwa maduka ya upande wa Bungoma. Kwenye ile ya robo kilo ilibidi uisogeze puani ndipo usikie. Kwenye ile ya kilo mbili ulisikia ukiwa mlangoni. Madam Nabwile alitaka pia bango la kutundika juu ya duka, kwa hiyo Rispah alilishika hindi kwenye kona yake kiooni akalivuta likawa la mita mbili, na halikupoteza kitu. Uvundo ulivuka barabara, ukaingia kwenye benki, kwa kinyozi na kwenye hoteli ya chapati. Matone ya rangi ya chai yaliwadondokea watu mabegani walipokuwa wakiingia dukani. Walijipangusa wakaendelea na foleni.

Maana foleni ilikuwepo, na ilikuwa ndefu. Kila mkulima wa eneo hilo anajua kwamba mbegu halali huwa na rangi na huwa na harufu kali ya dawa, kwa hiyo walinusa, macho yakawatoka machozi, wakaridhika. Mzee mmoja aitwaye Gathogo, mwenye ekari nane nje ya mji, alifungua pakiti akaingiza pua yote ndani, akatoka akikohoa.

"Hii ndiyo original," aliwaambia waliokuwa nyuma yake. "Ukiona mbegu hainuki, hiyo umeuziwa chakula ya kuku."

Kwenye duka la jirani Pembe Mbili za kweli zilikaa rafuni zikishika vumbi, kwa kuwa zilinuka kidogo tu.

Rispah aliacha kula githeri, kisha ugali, kisha chochote kilichokuwa na uhusiano na hindi, akabaki na ndizi na mkate. Alijinusa mikono kabla ya kulala na baada ya kuamka. Alipofika ngazini asubuhi na kumkuta Madam Nabwile amepaka mafuta ya mafua chini ya pua, anatabasamu, anauliza wamelalaje, alitazama ule mng'ao wa mafuta badala ya macho yake. Alimchukia kwa dhati. Hata hivyo, alijibu kwamba wamelala vizuri.

Mama yake alipiga simu kuuliza mtamba amefika wapi. Rispah hakuwa na kitu kingine cha kumwonyesha. Alipiga picha ile pakiti akaituma. Baadaye mama alimtumia ujumbe wa sauti, akimwita mayi, yaani mama, kama mama na binti wanavyoitana kwao.

"Mayi, nimeona. Enyewe umechora. Nimeonyesha watu wa kanisa wote, mpaka pasta. Hii simu sasa iko na harufu kidogo lakini nimeipanguza na mafuta taa. Asante sana."

Usiku Rispah aliusikiliza ujumbe huo mara kadhaa. Kilichompa usingizi ni kwamba mama yake hakuwahi kununua mbegu ya pakiti maishani mwake. Mbegu zake zilining'inia juu ya jiko, mahindi mawili mawili yaliyofungwa kwa maganda yao, meusi kwa moshi, na kila Machi aliyashusha akayapukuchua kwa mkono. Dunia nzima ingeweza kupanda uozo, lakini si mama yake.

Jumatatu ya wiki ya sita alifika kabla ya wenzake. Alilisogeza hindi karibu kwenye kioo mpaka likakijaza, akatafuta nodi iliyokuwa chini kabisa, penye kikonyo, akaitenganisha. Mwanya haukuonekana. Lakini rangi ilitoka mara moja, weusi ukaenda nayo, na likabaki hindi la mistari mitupu, jeupe, lisilonuka. Fukusi waliokuwa kwenye vitufe walisimama kidogo, kisha wakaondoka. Pakiti za siku hiyo zilichapwa hivyo.

Kufikia Jumatano zilikuwa zimerudi. Watu walizibwaga kwenye kaunta kwa hasira. Mzee Gathogo, aliyekuwa amekuja kuongeza nyingine, alikuwa mbele.

"Mmenipatia mbegu bila dawa. Kwani nimekaa kama mjinga?"

Madam Nabwile alimwita Rispah ofisini, akafunga mlango, akamshika mikono yote miwili, akaomba. Alimshukuru Bwana kwa vipawa. Alipomaliza hakumwachia mikono.

"Nani alifungua hiyo kitu?"

"Ni mimi, Madam."

"Kwa nini, mtoto wangu?"

"Madam, hayo mahindi yameoza. Hata yakipandwa hayamei."

"Kwani mimi nilikuuliza kama yameoza? Mimi nilikuambia uchore." Sauti yake haikupanda. "Na mama yako hupanda nini?"

"Za kienyeji. Huwa anaziweka juu ya jiko."

"Basi si unaona? Mungu amemkinga. Sasa hawa wengine ni mama zako?"

Cheti kilikuwa mezani kati yao. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kupendeza, kazi ya Tabby, na mahali pa sahihi palikuwa patupu. Rispah alipanda juu. Alilisogeza hindi karibu, akaishika nodi, akaisukuma mpaka ikakaa juu ya mwenzake. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo cha sweta. Rangi ikaingia, kisha weusi, kisha fukusi. Alijaribu kuwawazia wanawake wa maboma mengine, akaona hawana sura, na kwamba hivyo jambo lenyewe linavumilika. Kisha alitapika kwenye kikapu cha taka, akaifunga karatasi ya plastiki iliyotandikwa ndani yake, akaishusha chini mwenyewe ili asimsumbue mtu. Ijumaa alipata cheti na kazi.

Mvua ilianza wiki ya mwisho ya Machi, ikanyesha vizuri, kwa hiyo hapakuwa na wa kuilaumu. Katikati ya Aprili Madam Nabwile alimtuma Rispah Bungoma kusimamia utundikaji wa bango jipya pale Kanduyi, karibu na uwanja. Bango lilikuwa la mita tisa. Vijana walilipandisha kwenye nguzo mbili, wakakata kamba, likafunguka, na uvundo ukashuka kama maji ya vyombo yanayomwagiwa mtu. Kila kitu kilikuwa kimevutwa pamoja na hindi. Fukusi wa bango la mita tisa walikuwa na ukubwa wa vifaranga. Walianguka kwenye lami kwa mgongo, wakapigapiga miguu, wakajigeuza, wakaenda kutafuta magunia sokoni. Mwendesha boda mmoja alimpiga mmoja teke bila kukatiza mazungumzo yake. Mwanamume aliyekuwa akichoma mahindi alibeba jiko lake akahamia ng'ambo ya barabara, upande ambao upepo hauendi, akaendelea kupepea. Wanafunzi walipita sweta zikiwa puani. Korongo wanne walikuja wakasimama juu ya bango kama wazee wa kanisa.

"Liko sawa?" fundi aliuliza.

"Ongeza kamba upande wa kushoto," Rispah alisema.

Kazi ilipoisha alichukua boda hadi Chwele, na kutoka Chwele hadi nyumbani, akiwa na cheti ndani ya bahasha kifuani. Alipofika kwenye kona ya shamba la mama yake alimwambia mwendesha boda asimame. Shamba lilikuwa limelimwa vizuri, mistari imenyooka, magugu yameng'olewa. Hapakuwa na kitu kilichoota. Shamba la jirani lilikuwa hivyohivyo, na la aliyefuata pia, mpaka mtoni. Udongo mweusi ulikuwa umelala chini ya jua, ukitoa ule utamu anaoujua.

Mama alikuwa mlangoni.

"Mulembe, mayi," Rispah alimsalimu.

"Mulembe. Umekonda. Ingia."

Sebuleni, juu ya viti vyenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya marehemu baba, kulikuwa na pakiti ya Pembe Mbili ndani ya fremu yenye kioo. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yamechora mfereji ukutani, na chini yake mama alikuwa ameweka bakuli. Bakuli lilikuwa limejaa nusu. Mama alilibeba, akaenda kulimwaga nyuma ya nyumba, akarudi akaliweka mahali pake. Ilionekana ni kazi aliyoizoea, kama kumwaga maji ya miguu ya wageni.

"Watu hukuja kuona," alisema. "Hata wa Kimilili wamekuja."

Rispah aliangalia juu, kupitia mlango wa jikoni. Juu ya jiko hapakuning'inia kitu.

"Mayi, zile mbegu ziko wapi?"

"Nilisaga. Hao wageni nilikuwa nawapikia nini?"

"Na shamba ukapanda nini?"

"Hiyo yako."

Rispah aliketi. Aliongea akiangalia bahasha magotini. "Mayi, hiyo si mbegu. Ni mahindi ya posho. Wanapaka rangi kwa beseni. Nimeona na macho yangu, kabla hata nichore."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku yenye ulituma picha. Mimi nimeweka mahindi kwa ghala tangu niolewe, sasa nishindwe kujua harufu ya mahindi yenye imeoza? Nilinusa simu, nikajua."

"Na bado ukapanda?"

Mama alikunja kitambaa cha kiti, akakikunjua. "Nilikuwa nimeshawaambia kanisani ni wewe umechora. Wote wakaenda Chwele kununua, wakiuliza, ile ya mtoto wa Mama Rispah iko? Boma ishirini na kitu. Mimi sasa nikose kupanda? Wangesema mama yake mwenyewe amekataa, inamaanisha nini? Wangekuangalia aje?"

Rispah aliirudisha bahasha kifuani. Alijiona mchafu, uchafu ambao hauko kwenye ngozi, na akamwonea mama yake hasira ambayo hakuwa na haki nayo. Alitaka kusema kwamba ataacha kazi Jumatatu.

"Mshahara wanalipa tarehe ngapi?" mama aliuliza. "Unga itaisha kabla ya Juni."

Tangu hapo kila mwisho wa mwezi Rispah alinunua unga wa mahindi Kitale akautuma Chwele kwa gari la mizigo, wa mama na wa baadhi ya majirani. Hakuna jirani aliyemlaumu. Walisema udongo umechoka, walisema fuko wamekuwa wengi mwaka huu, walisema pengine walipanda kina kirefu mno. Waliokuja kumwamkia waliziba pua kwa heshima, kwa ncha ya leso, wakaisifu fremu. Hesbon alipata wanafunzi wanane wapya, na akawaonyesha hindi la Rispah kama mfano wa mchoro uliofungwa vizuri. Tabby alihamia Eldoret kutengeneza kadi za harusi. Afisa mmoja wa ukaguzi wa mbegu alifika dukani mara moja, akanusa, akatoka na bahasha, na hakurudi tena.

Novemba ilifika Jumapili ya mavuno. Kanisani kwa kina Rispah ni desturi kwamba kila familia hubeba mbele kile shamba lake lilichotoa, mahindi, ndizi, kuku, hata boga moja, na havibebwi na mtu mwingine ila mama wa nyumba. Pasta alikuwa ametangaza kwamba desturi haitavunjwa kwa sababu ya mwaka mmoja mbaya. Kwa hiyo akina mama walibeba pakiti. Walikuwa wamezifua, wamezijaza nyasi kavu ili zisimame, na waliingia wakiimba, wakipiga hatua mbili mbele na moja nyuma, wakazipanga madhabahuni juu ya kitambaa cheupe. Zilikuwa sitini na tatu, nyumba nyingine zikiwa na mbili au tatu, mahindi sitini na matatu yenye safu kumi na nne kila moja, yote yakichuruzika. Kitambaa kilibadilika rangi kuanzia kwenye pindo. Watoto wa shule ya Jumapili walitolewa nje kwa kuwa wawili walikuwa wametapika. Pasta aliyaombea mavuno hayo kwa sentensi fupifupi, akigeuka dirishani kila baada ya moja ili avute hewa.

Mgeni wa heshima alikuwa Madam Nabwile. Alikuwa amevaa kitenge kipya, chini ya pua kuking'aa mafuta ya mafua. Alitoa viti hamsini vya plastiki kwa kanisa. Alitangaza kwamba msimu ujao Pembe Mbili itakuja kwa gunia la kilo kumi, na watu wakaitikia amina. Kisha akasema kwamba yote haya yametoka kwa mkono wa mtoto wa hapa hapa, na akamwomba msanii asimame.

Rispah alisimama akiwa ameziba pua na mdomo kwa leso. Watu walipiga makofi wakiwa wamefunga midomo, kwa kuwa hewa yote mle ndani ilikuwa imejaa fukusi waliokuwa wakiruka kutoka madhabahuni, na kwa muda yakasikika makofi matupu bila sauti ya mtu.

Aliyeanza vigelegele ni mama yake. Alisimama kwenye benchi la tatu, akainua uso, akafungua kinywa chote na kupiga kigelegele kirefu cha kumpongeza mwanawe. Fukusi wawili wakaingia. Mama alinyamaza kidogo, akameza, akafuta midomo kwa kiganja, akaendelea.